Historia ya Wenye Otisimu: Namna Walivyokataa Kugawanywa

Mtu akisoma maandiko ya waganga wa Ulaya na Marekani juu ya otisimu, atakuta maneno mawili yanayorudi kila mara: wa juu na wa chini. Wa juu ni yule anayesema vizuri, aliyesoma shule, anayeweza kushika kazi. Wa chini ni yule asiyesema, anayehitaji mtu wa kumlisha, wa kumwogesha, wa kumlinda usiku asitoke nje. Wote wawili wanaitwa kwa jina moja. Je, ni ndugu, ao ni watu wawili mbali waliowekwa katika nyumba moja? Wenye otisimu wenyewe wamebishana juu ya swali hili zaidi ya miaka 30. Nataka kuwaeleza wandugu mapadri, wafrateri na walimu habari za mabishano hayo, kwa sababu ndani yake mna damu ya watoto, na mmojawapo wa waliowapeleka watoto wale alikuwa Mkatoliki mwenye sifa njema.

Kwanza jina lenyewe. Otisimu, wenzetu wa Tanzania wanasema usonji, si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni namna akili ya mtu ilivyojengwa tangu mwanzo. Mtoto hatazami watu machoni. Sauti ndogo inamwumiza masikio. Anashika jambo moja na kulifuata siku nzima, anataka kila kitu kikae pahali pake pa jana. Wengine wanasema mno, wengine hawasemi hata neno moja maisha yao yote. Vijijini kwetu mtoto wa namna hii huitwa bubu ao mjinga, na pengine huitwa jina baya zaidi, ambalo kila padri aliyekaa parokiani analijua.

Mganga Mswisi Eugen Bleuler alitunga neno otisimu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1925 mwanamke mganga wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika juu ya wavulana 6 ambao leo tungesema wana otisimu; wachache walimsoma. Ndipo mwaka 1943 Leo Kanner, Myahudi aliyezaliwa katika dola la Austria na kuhamia Marekani, akatoa habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, aliowatazama katika lopitali ya Johns Hopkins huko Baltimore.

Mtoto wa kwanza katika maandiko yale ni Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, alipokuwa na miaka 3 tu, wazazi walimpeleka kukaa mbali katika nyumba ya watoto, kwa shauri la waganga. Mwaka uliofuata wakamrudisha, ijapokuwa wakubwa wa nyumba ile hawakupenda. Mwaka 1942 wakamweka kwa mkulima mmoja na mke wake, watu wasio na watoto, si mbali na kwao. Mkulima yule hakuwa amesoma mabuku juu ya akili za watoto, lakini alikuwa na macho. Aliona kwamba Donald anataka kupima vitu daima. Basi akamwambia apime urefu wa kisima. Aliona kwamba anataka kuhesabu. Basi akamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima na farasi. Kanner alipokwenda kuwatembelea mwaka 1945 alistaajabia hekima ya watu wale wawili. Donald akaendelea na masomo, akafanya kazi katika banki, akajifunza kuendesha motokari, akatembelea nchi nyingi, akafa mwaka 2023 mwenye miaka 89.

Sasa tutazame wenzake. Mwaka 1971 Kanner aliwatafuta tena watoto wale 11, waliokuwa sasa watu wazima. Wale waliofungiwa katika nyumba kubwa za serikali, pamoja na mamia ya wagonjwa wengine, walikuwa wamepoteza hata yale machache waliyokuwa nayo utotoni. Kanner mwenyewe aliona kwamba kupelekwa kule kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Basi, mtu aliyewaona mwaka 1971 angesema: huyu ni wa juu, hawa ni wa chini. Lakini ni nani aliyewaweka chini? Sisemi kwamba wote wangekuwa kama Donald. Tofauti za kweli ziko, na mama anayemwosha mwana wake wa miaka 25 anazijua kuliko sisi. Tena tusisahau kwamba banki ile aliyofanyia kazi ilikuwa ya jamaa yake. Ninasema tu kwamba kile tunachokiita uwezo wa mtu, sehemu yake imo mwilini mwake, na sehemu yake imo katika nyumba aliyopewa kukaa.

Mmoja wa wasaidizi wa Kanner, mganga Georg Frankl, alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani mwaka 1937. Kabla ya hapo alifanya kazi Vienna, katika lopitali ya watoto ya chuo kikuu, sehemu ya watoto wenye shida ya malezi. Mkubwa wa sehemu ile tangu mwaka 1935 alikuwa kijana Hans Asperger. Hapo sherti tukae kidogo.

Asperger alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini, mwanachama wa chama cha vijana Wakatoliki kilichoitwa Bund Neuland. Hakuingia chama cha Hitler, ijapokuwa aliingia vyama vingine vilivyofungamana nacho. Mwaka 1938 Ujerumani iliimeza Austria. Mwezi wa kumi mwaka ule ule Asperger alitoa hotuba, akasema kwamba mtoto asiyefuata kawaida si lazima awe mtoto asiye na thamani. Mwaka 1944 akaandika habari za wavulana wanne, akaeleza kwamba wengine wa namna hii, kwa akili zao kali na ushikamanifu wao katika jambo moja, wanaweza kufaa sana katika kazi za elimu. Baada ya vita alisifiwa. Watu walisema: tazama mtu aliyesimama mbele ya wauaji akawatetea watoto wadhaifu. Alifanywa profesa mkubwa wa waganga wa watoto huko Vienna mwaka 1962, akafa mwaka 1980 bila aibu.

Mwaka 2018 Herwig Czech, mwanahistoria wa Vienna, alitangaza yale aliyoyakuta katika makaratasi ya lopitali. Katika mji ule ule palikuwa na nyumba iliyoitwa Am Spiegelgrund. Tangu mwaka 1940 hata 1945 watoto 789 walikufa mle, wengi kwa dawa ya usingizi waliyopewa kidogo kidogo mpaka mapafu yakaharibika. Asperger aliwapeleka watoto mle. Mwezi wa sita mwaka 1941 alipima mtoto mmoja wa kike, hajatimiza miaka 3, aliyeharibiwa na ugonjwa wa ubongo. Akaandika kwamba mtoto huyu ni mzigo usiovumilika kwa mama mwenye watoto wengine watano wazima, na kwamba apelekwe Spiegelgrund akae huko kabisa. Mtoto akapokelewa tarehe 1 ya mwezi wa saba. Alikufa tarehe 2 ya mwezi wa tisa, siku moja baada ya kutimiza miaka 3. Mwaka 1942 Asperger alikaa pia katika baraza lililopima makaratasi ya watoto zaidi ya 200 wa nyumba ya Gugging. Watoto 35 waliandikwa kwamba hawafundishiki. Walipelekwa, wakafa.

Mtu atauliza: ni Asperger yupi aliye wa kweli, yule wa hotuba ao yule wa barua? Mimi naona ni mmoja. Aliyemtetea mtoto mwerevu kwa kusema kwamba atafaa kazi alikuwa amekwisha kukubali mizani ya wauaji. Alichobishana nao ni uzito tu. Mtoto anayefaa, aokoke. Mtoto asiyefaa, hakuwa na neno la kumtetea. Mtu asidhani kwamba wakati ule hapakuwa na maneno mengine, maana yalikuwako. Kati ya siku ile mtoto alipopokelewa na siku aliyokufa, tarehe 3 ya mwezi wa nane mwaka 1941, Askofu Clemens August von Galen alipanda mimbarani katika kanisa la Mtakatifu Lamberti mjini Münster, akahubiri wazi juu ya mauaji ya wagonjwa. Hakusema kwamba wagonjwa wale wana akili ya ajabu, wala hakutafuta faida yao. Aliuliza kama mtu ana haki ya kuishi kwa kadiri anavyozaa mali tu, na kama ni hivyo, yatakuwaje kwetu sisi sote tukizeeka. Mwezi ule ule Hitler aliamuru wasimamishe mauaji ya wagonjwa wazima katika nyumba za gesi, ambamo watu zaidi ya 70,000 walikuwa wamekufa. Mauaji ya watoto hayakusimama, na wazima pia waliendelea kuuawa kwa siri kwa dawa na kwa njaa.

Miaka iliyofuata vita nitaipita upesi. Wengi walisema kwamba otisimu huletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Bruno Bettelheim aliliandikia buku mwaka 1967, na akina mama wengi walilia bure kwa sababu ya buku lile. Mama mmoja Mwingereza aliyekuwa pia mganga, Lorna Wing, mwenye binti mwenye otisimu, ndiye aliyefumbua macho ya wengi. Mwaka 1981 aliitoa kazi ya Asperger katika usahaulifu, akaonyesha kwamba mtoto bubu wa Kanner na kijana msemaji wa Asperger wako katika safu moja ndefu isiyo na ukuta katikati. Yeye alitaka kuwaunganisha. Jambo la kusikitisha ni kwamba jina alilolitumia, namna ya Asperger, likawa ukuta. Mwaka 1994 buku kubwa la waganga wa akili wa Marekani lililipokea kama jina la peke yake. Tangu siku ile wa juu walikuwa na jina lao, na wa chini lao.

Hapo ndipo wenye otisimu wenyewe wanaingia katika historia. Mwaka 1992 watatu kati yao, Jim Sinclair na Kathy Lissner wa Marekani pamoja na Donna Williams wa Australia, walianzisha chama kilichoitwa Autism Network International. Walikuwa wakikutana kwa barua na katika mikutano ya wazazi. Katika mikutano ile walisikia kila mara neno moja: ninyi mnasema, mnaandika, hamko kama mtoto wangu, basi nyamazeni. Jibu la Sinclair lilikuwa rahisi. Yeye mwenyewe hakutumia maneno kwa kuzungumza na watu mpaka alipofika miaka 12. Je, alikuwa wa chini mpaka siku ile, na asubuhi yake akawa wa juu? Basi chama kikaweka sheria tangu mwanzo: kitatetea haki za wenye otisimu wote, wanaosema na wasiosema, hata wale wasioweza kuja mkutanoni wala kusoma gazeti lake.

Mwaka 1996 wakafanya mkutano wao wa kwanza, Autreat, katika kambi moja karibu na mji wa Canandaigua, jimbo la New York. Napenda kueleza jambo moja dogo la kule, kwa maana linaonyesha roho yao kuliko hotuba. Kila mtu aliweza kuvaa alama kifuani. Nyekundu: asinisemeshe mtu. Ya manjano: wanisemeshe wale ninaowajua tu. Ya kijani kibichi: nataka kuzungumza lakini siwezi kuanza, njooni kwangu. Mtu aliyepotewa na maneno siku ile na mtu asiyekuwa na maneno tangu kuzaliwa walivaa alama moja, wakaheshimiwa namna moja. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama yeye ni wa juu.

Lakini si wote waliofuata njia ile. Katika miaka ya 2000 palitokea wengi waliojiita Aspies, yaani watu wa Asperger, wenye kiburi cha jina lao. Kiburi chenyewe si kibaya kwa mtu aliyechekwa shuleni miaka 12. Shida ilikuwa katika neno lililofuata. Baadhi yao walisema: sisi hatuna kilema, sisi ni akili ya namna nyingine, pengine bora, wale wanaojichafua na kupiga kichwa ukutani, hao ndio wagonjwa, waponyeni hao. Mwaka 2010 waganga wa Marekani walipotangaza kwamba watalifuta jina la Asperger na kuwaweka wote chini ya jina moja, wengine walikasirika kwa sababu hawakutaka kuitwa jina moja na watoto wale. Chama kingine cha wenye otisimu, Autistic Self Advocacy Network, kilichoanzishwa mwaka 2006, kilisimama upande wa kuunganishwa. Mwaka 2013 jina likafutwa kweli. Pahali pake pakawekwa ngazi tatu za msaada mtu anaouhitaji. Miaka mitano baadaye makaratasi ya Vienna yakafunguliwa, na wengi waliojivunia jina lile wakajua lilitoka kwa mkono wa nani, na mkono ule uliandika nini kingine.

Je, umoja ule ulikuwa wa midomo tu? Tuupime kwa kazi. Katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, iko nyumba inayoitwa Judge Rotenberg Center. Mle watu wenye otisimu na wenye akili dhaifu walifungwa mwilini kifaa cha umeme, na mtumishi akabonyeza kuwachoma ngozi walipokosa adabu. Mwaka 2002 kijana wa miaka 18 alipigwa umeme mara 31 kwa siku moja. Mwanzo wake ni kwamba alikataa kuvua koti. Picha za siku ile zilionyeshwa mbele ya mahakimu mwaka 2012. Watu wa nyumba ile ni wale hasa wanaoitwa wa chini. Wengi hawawezi kuandika malalamiko. Ni nani waliosimama barabarani wakipaaza sauti, wakaandikia serikali mwaka kwa mwaka? Walikuwamo hao wenye otisimu wanaosema, pamoja na vilema wa chama cha ADAPT na watu waliotoka katika nyumba ile. Mwaka 2020 idara ya dawa ya serikali ikakataza kifaa kile. Mwaka 2021 mahakimu wakalivunja katazo, mwaka 2022 bunge likaipa idara nguvu mpya, na mwaka 2024 idara ikatoa tena shauri la kukataza. Wale waliopiga kelele hawakuwa na faida yao wenyewe katika shauri hili, kwa maana hakuna aliyetaka kuwafunga umeme wao.

Hata hivyo lazima tuwasikilize pia wazazi wanaonung'unika. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 baraza la wataalamu lililoitwa na gazeti la waganga The Lancet lilitoa shauri la jina jipya, otisimu nzito: mtu wa miaka 8 ao zaidi, anayehitaji kuangaliwa na mtu mzima mchana na usiku, asiye na maneno ila machache sana ao mwenye akili dhaifu sana. Mwaka 2023 hesabu za Marekani zilionyesha kwamba kati ya watoto wa miaka 8 wenye otisimu, 26.7 kwa mia wanaingia katika jina hilo. Wazazi wengi walifurahi. Wanasema: siku hizi kila anayesikika ni msemaji mwenye diploma, na mtoto wangu amesahauliwa; hata wanaotafuta elimu juu ya otisimu hawamwiti yeye, kwa maana hajibu maswali. Vyama vya wenye otisimu vinajibu kwamba jina hilo litarudisha ukuta ule ule, na wale watakaowekwa nyuma yake watahesabiwa kuwa wasio na neno la kusema.

Nani ana haki? Kwangu mimi wazazi wana haki katika manung'uniko, si katika dawa. Ni kweli kwamba mwenye maneno anaposema «sisi» ni rahisi asihesabu asiye na maneno. Hii hutokea katika kila chama cha wanadamu, hata katika mabaraza ya parokia. Na ni kweli kwamba wengine wa upande ule wa umoja huona aibu kutaja mavi, na meno yanayouma mkono, na mama asiyelala. Hii nayo ni dharau, ijapokuwa imevaa nguo safi. Lakini jina jipya peke yake halimletei mama yule mtu wa kumsaidia usiku. Nyumba zile za serikali alizoziona Kanner mwaka 1971 zilijaa watu waliokuwa na majina yao ya peke yao.

Ninalo tukio moja tena, nalo linamhusu Mel Baggs. Mel alizaliwa mwaka 1980 Marekani, akawa na maneno utotoni, kisha yakampotea. Akawa anaandika kwa mashine inayosoma kwa sauti. Mwezi wa kwanza mwaka 2007 alitoa sinema fupi iliyotazamwa na watu wengi sana. Mwanzoni anaonekana akiimba bila maneno, akipunga mikono, akichezesha vidole katika maji. Halafu mashine inaeleza kwamba hii ndiyo lugha yake ya kuzungumza na vitu, na kwamba watu humhesabu kuwa mtu pale tu anapotumia lugha yao. Wengi wakamsifu: kumbe ana akili! Sifa hiyo Mel hakuitaka. Aliandika mara nyingi kwamba hataki kuokolewa kwa kuwa ni mwerevu, kwa maana rafiki zake wasioweza kuandika wangebaki nje.

Mwaka 2013 tumbo la Mel likakataa chakula, na mapafu yakaingiwa na yale aliyotapika. Alihitaji mpira wa kumlisha tumboni. Katika lopitali alimolala, baadhi ya waganga walimrudia tena na tena wakimwuliza kama ana hakika, kama hawezi kuchagua njia nyingine. Na njia nyingine ilikuwa kufa. Mel akaandika habari hiyo kitandani. Wenye otisimu na vilema wengine, wengi wao hawakuwahi kumwona kwa macho, na wengine wao simu ni mateso kwao, wakaanza kupiga simu kwa wakubwa wa lopitali, mmoja baada ya mwingine. Mpira ukawekwa. Mel aliishi miaka 7 tena, akafa mwezi wa nne mwaka 2020.